Yamaha YSL-354 iliyotumika: ikague hivi kabla hujatoa pesa Kampala

Tromboni za mtumba zinazouzwa Kampala ni za kila namna. Nyingine zimeshuka na kontena za vyombo mchanganyiko, nyingine zililetwa kama msaada kwa shule, nyingine zimelala stoo ya kanisa miaka na miaka. Katika mchanganyiko huo, YSL-354 ndiyo tunayoipa alama za juu kwa bendi ya matarumbeta ya shule, kanisa au kambi. Ni tromboni ya tenori ya B-flati isiyo na vali, tundu la slaidi (mirija miwili ya nje inayoteleza juu ya miwili ya ndani ili kubadili sauti) lina kipenyo cha milimita 12.7, na kengele (ule mdomo mpana wa mbele) ina milimita 204.4. Tundu hilo ni dogo, hivyo mwanafunzi haishiwi pumzi mapema. Anayetaka sauti nzito ya besi ndani ya bendi kubwa haitamtosha. Huyo atafute yenye tundu la milimita 13.9, mfano Bach 42 au Conn 88H, na ajiandae kulipa zaidi.

Kwanza hakikisha ndiyo yenyewe. Madalali huita kila kitu cha shaba "Yamaha". Alama halisi ya kampuni ni uma tatu za kupimia sauti zilizopishana ndani ya duara, nayo huchongwa vizuri, si stika wala rangi inayobanduka kwa ukucha. Tafuta namba ya modeli kwenye kengele na namba ya mfululizo kwenye kola inapoungia slaidi. Ukiona YSL-356G, hiyo ni ndugu yake yenye vali ya F (inayoshusha chombo kutoka B-flati hadi F), na bei yake ni nyingine. Kitu kingine kinachotokea sana ni kengele ya tromboni moja kuoanishwa na slaidi ya nyingine. Ukiziunganisha, kola isicheze wala isilazimishwe, na rangi ya shaba na uchakavu wa pande zote mbili vifanane.

Sasa slaidi, maana huko ndiko pesa iliko. Kengele iliyopauka vanishi yote bado inapiga vizuri. Slaidi iliyopinda kidogo tu humfanya mpigaji apigane na chombo badala ya kupiga muziki. Muuzaji akikuletea slaidi iliyopakwa mafuta mazito, ifute yote kwa kitambaa mbele yake. Mafuta ya gari na Vaselini huficha mikwaruzo na kuziba uvujaji kwa muda. Baada ya kufuta, paka krimu kidogo ya slaidi kwenye ncha za mirija ya ndani na unyunyizie maji. Kama krimu hiyo haipatikani, cold cream ya Pond's ni dawa ya wazee wa tromboni na bado inafanya kazi.

Shika slaidi wima, ncha yake ikitazama chini, fungua loki, na weka mkono wa pili chini tayari kudaka. Mirija ya nje iteremke yenyewe kwa uzito wake. Ikikwama mahali pamoja kila mara, hapo pana mbonyeo. Ikisuasua njia nzima, basi mirija haiko sambamba. Ili ujue ubaya uko upande gani, chomoa mirija ya nje kabisa, kisha ingiza mrija mmoja wa ndani katika mrija wake wa nje, ile ya upande mwingine ikiwa pembeni bila kuunganishwa. Fanya hivyo upande wa kulia na wa kushoto. Kila mmoja ukiteleza vizuri peke yake lakini yote miwili pamoja ikagoma, kosa ni la mpangilio. Fundi mwenye vifaa vya tromboni anaweza kulirekebisha. Mrija mmoja ukigoma peke yake, umebonyea au umepinda.

Halafu laza mirija ya ndani juu ya kioo cha meza. Ikitikisika kama stuli yenye mguu mmoja mfupi, imejipinda. Iinue uelekeze kwenye taa ndefu ya dari uangalie mstari wa mwanga juu ya mrija: ukinyooka mwanzo mpaka mwisho, salama, ukikatika au kujikunja, hapo kuna mbonyeo hata kama kidole hakiuhisi. Ncha za mirija ya ndani ni nene kidogo kuliko sehemu nyingine, nazo zimepakwa kromu. Kromu ikiwa imechubuka na shaba inaonekana, slaidi hiyo imekwisha. Hakuna kuipaka upya kando ya barabara.

Kwa uvujaji, mwombe mwenzako msaada: vuta slaidi kidogo, ziba matundu yote mawili ya juu, kisha iachie. Ikishuka polepole sana, hewa imebanwa. Ikianguka kama jiwe, inavuja. Kabla hujahukumu, angalia kizibo cha tundu la kumwagia mate. Kikiwa kimeoza, uvujaji wote unaweza kuwa hapo, na hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Jambo linalowapita wengi ni madoa ya rangi ya waridi kwenye shaba, yenye kitone cheusi katikati, hasa kwenye mrija unaopokea pumzi na kwenye kipinda cha kurekebishia sauti. Hapo zinki imetoka ndani ya shaba kwa sababu ya mate na jasho, na mrija unaoza kutoka ndani. Kung'arisha hakusaidii, dawa ni kubadilisha mrija. Doa likiwa juu ya kengele pekee, punguza bei. Likiwa kwenye slaidi, ondoka.

Mdomo wa kupulizia ukiwa umekwama, usimruhusu mtu aulazimishe kwa koleo, maana kinachokatika ni viungo vilivyolehemiwa. Unahitaji kifaa maalumu cha kuuvuta. Hali kadhalika, Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma hapa Kampala, ina mafundi hodari wa kulehemu, lakini moto wa kulehemia geti si wa kukaribishwa karibu na slaidi ya tromboni.

Ukikosa 354, kuna mengine sokoni. Boosey & Hawkes za zamani za London zimetengenezwa imara, ila zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1960 zinaweza kuwa za sauti ya juu iliyotumiwa na bendi za Uingereza wakati huo, karibu robo toni juu ya kipimo cha kawaida cha leo (A ya herzi 440). Piga B-flati slaidi ikiwa imefungwa huku programu ya simu ya kupimia sauti ikisikiliza. Kama unahitaji kuvuta kipinda cha nyuma cha kurekebishia sauti sentimita 4 hivi ndipo sauti ikae sawa, hiyo ndiyo ya sauti ya juu. Nyingine ina mpini mrefu kwenye slaidi: hiyo ni besi ya G, haifai kwa mwanafunzi wa kawaida. Zilizotengenezwa Meerut, India, ni rahisi, ila kila moja ikaguliwe peke yake kwa sababu ubora haulingani. pBone ya plastiki ina uzito wa gramu 800 hivi, haiozi, na kwa mtoto ni nzuri kuliko shaba iliyopinda.

Bei tunaihesabu hivi. Tafuta bei ambayo 354 nzima iliyotumika imeuzwa kweli mtandaoni nje ya nchi, si bei iliyoombwa, uongeze usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Tuseme jumla imefika shilingi 2,400,000. Usilipe zaidi ya hapo hata ikiwa inang'aa. Vanishi iliyotoka na kizibo kibovu havistahili punguzo kubwa. Mibonyeo ya kengele, toa sehemu moja ya kumi. Slaidi isiyo sambamba lakini yenye kromu nzima, toa theluthi, ubaki na 1,600,000. Kromu ikiwa imechubuka, usivuke 600,000, na hapo unanunua vipuri tu. Bila kasha gumu toa tena, kwa sababu safari moja ya boda bila kasha inatosha kuipinda slaidi uliyoikagua saa nzima.