TAHADHARI: Stika ya 4K, kioo cha kawaida

Jamani, nimepigwa: nimenunua TV ya 4K, ile ya picha kali zaidi, kumbe si 4K. Hasira zimenijaa mpaka kooni, na siyo pesa peke yake inayoniuma. TV ya zamani iliisha, nikajinyima mpaka nikapata pesa ya nyingine.

Yule muuzaji alinipokea kama ndugu. Nilipoigusa ile ya bei ya juu akanishika bega: "Achana nayo hiyo bosi, unalipia jina tu." Hapo ndipo aliponimaliza. Mtu anayekukataza kununua cha ghali, utamdhania mwizi? Akaingia stoo, akatoka na boksi lililofungwa selotepu vizuri, limeandikwa "inchi 55, 4K" kwa rangi ya dhahabu. Akalifungua mbele yangu. Akaanza kubandua nailoni ya kioo polepole, akaniachia kona moja nimalizie mwenyewe. Nikaivuta, nikausikia ule mlio wake, moyo ukatulia: kitu kipya hiki. Akachomeka flashi yake. Wakaja samaki wa kila rangi, mwanga mkali, nikasimama pale kama mtoto. Risiti ikapigwa muhuri, waranti mwaka 1. Na aliyenielekeza pale ni mtu tunayemheshimu wote, yeye simlaumu.

Jumapili mwanangu akafungua picha za mahafali yake. "Baba, mbona jina langu kwenye cheti halisomeki, na kwenye simu linasomeka?" Nikamkaripia. Nikamwambia aliyepiga picha hakujua kupiga. Nimemwomba radhi, lakini lile jicho lake nililiona.

Shemeji ndiye aliyekuja na kompyuta. Akajaribu waya wa HDMI kwenye matundu yote, haikuvuka nukta 1920 kwa 1080, zile nukta ndogo zinazounda picha. 4K ni 3840 kwa 2160, maana yake nimepewa robo ya nukta nilizolipia! Akavuta tepu kwenye kioo, kona hadi kona: sentimita 126. Inchi 55 ni karibu sentimita 140. Kisha akaikwangua stika ya nyuma kwa kucha, ikatoka nzima nzima. Chini yake stika nyingine, namba ya modeli tofauti kabisa.

Nikampigia muuzaji. Eti "4K ipo kwenye programu." Programu inaweza kweli kufungua video ya 4K, lakini kioo kisicho na nukta hizo kitazitoa wapi? Nikamuuliza hivyo hivyo, akakata. Sasa ameniblock.

Huyu akamatwe. Duka lifungwe, arudishe pesa ya kila aliyemwibia, ndipo apelekwe ndani. Asiachiwe kwa faini, faini ataitoa kwenye pesa zetu! Nina risiti, nina picha za stika zote mbili, polisi naenda kesho asubuhi. Anayetaka jina la duka aje inbox.

Mnaotaka kununua, nendeni na flashi yenu yenye picha mnazozijua, na tepu. Namba ya utambulisho ya kiwanda (serial number) iwe moja kwenye boksi, mgongoni na ndani ya mipangilio. Mimi sikuangalia hata moja.

Na kama TV yako umeinunua kwake, zunguka nyuma sasa hivi, ikwangue ile stika. Nilipotoka pale zilibaki tano ukutani, zote na maandishi yale yale ya dhahabu.