Filta za ruwaza: GIMP na Krita kwenye kazi ya kitambaa

Haya, karibuni tena. Leo kioo cha kompyuta yangu kimejaa maua, mtanivumilia.

Wengi mmeniuliza kama zile filta za kuunganisha ruwaza zinafanya kazi kweli au ni mapambo ya menyu. Basi tuzijaribu hapa hapa mkiona. Natumia GIMP na Krita, programu za kuchora na kuhariri picha, zote mbili za bure. Nina ua moja jekundu, majani ya kijani, mistari myeusi na mandhari ya krimu. Rangi nne tu. Nimechora kwa zana ya penseli, siyo brashi, ili kingo zibaki kali.

Kipande changu, kile kitakachojirudia kwenye kitambaa, ni pikseli 1890 kwa 1890. Kwa nini namba ya ajabu hivyo? Kwa pikseli 150 kwa inchi, hiyo ni sentimita 32. Silinda za kawaida za uchapaji wa vitambaa zina mzingo wa sentimita 64, kwa hiyo 32 inaingia mara mbili bila kubaki. Ukija na kipande cha sentimita 20, kinaingia mara tatu, halafu sentimita 4 zinabaki hazina mwenyewe. Hapo filta haikusaidii kitu.

Tunaanza na ile ambayo kila mgeni huiparamia: Tile Seamless. Iko kwenye menyu ya Filters, ndani ya Map. Nabonyeza... imemaliza. Navipanga vigae, yaani nakala za kipande, pembeni kwa pembeni, mshono hauonekani kabisa. Safi, eti?

Sogeeni karibu. Nakuza hapa kwenye petali. Mnaliona ua la pili nyuma yake, limefifia kama kivuli? Sikulichora mimi. Filta imechukua nakala ya picha, ikaisogeza nusu upana na nusu kimo, ikaichanganya na ile ya mwanzo ili kingo ziyeyuke. Kwa picha ya mchanga, nyasi au sufu, inapendeza sana, naitumia bila aibu. Kwa ua lenye mstari, umezaa mzimu.

Na kuna hasara nyingine ambayo kwenye kioo huioni haraka. Kila palipochanganywa nyekundu na krimu pamezaliwa waridi hafifu, waridi kidogo, waridi zaidi. Kama kitambaa kinachapwa kwa skrini, yaani wavu wa kupitishia rangi, kila rangi inahitaji skrini yake. Nilikuwa na rangi nne. Sasa hata kuzihesabu siwezi. Mashine ya kuchapa kidijitali haitalalamika, lakini mtu wa skrini atakurudishia faili kabla hujakaa.

Narudisha nyuma. Twende kwa Offset.

Hii haiko hata kwenye menyu ya filta, iko chini ya Layer, Transform. Mimi nabonyeza Ctrl, Shift na O. Hakikisheni mmechagua ile ya kuzungusha, Wrap around, kisha mwambieni asogeze nusu upana na nusu kimo. Ua langu limepasuka robo nne na kukimbilia pembeni. Msishtuke, vigae vikikaa pamoja robo hizo zinakutana. Sasa pengo liko katikati, na hapo ndipo ninapochora majani ya kujazia, bila kugusa ukingo hata mmoja. Hakuna rangi mpya iliyozaliwa, hakuna mzimu. Offset haibuni kitu, inahamisha tu, na ndiyo maana naiamini.

Krita inafupisha safari yote hiyo. Bonyeza herufi W, kipande kinajirudia pande zote papo hapo. Navuta mstari huu unatoka kulia... huyo, anaingia kushoto. Kwa kuchora kwa mkono, Krita imeshinda, sina ubishi. Ila inakuonyesha vigae vilivyonyooka tu, mstari kwa mstari.

Ukitaka safu ya pili ishuke nusu, rudi GIMP. Ongeza upana wa turubai mara mbili, nakili tabaka (Layer) lenye mchoro, lile la nakala lisogeze kwa Offset nusu kimo peke yake, kisha liweke kulia. Tayari. Lakini angalieni jani hili lililokuwa linavuka ukingo wa kulia. Nusu yake iko huku juu, nusu nyingine imeshuka kule chini! Kwa hiyo kama unajua mapema kwamba utashusha nusu, usivushe kitu kwenye kingo za kushoto na kulia. Juu na chini vusha upendavyo.

Sasa niwape aibu yangu. Kuna kazi niliyoimaliza vizuri, mwishoni nikaona mandhari yawe laini kidogo, nikapitisha filta ya kutia ukungu. Kwenye kioo, safi. Kitambaa kilipotoka, kila sentimita 32 kuna mstari mwembamba umekatiza. Ukungu hukokotoa kila pikseli kwa kutazama jirani zake, na pikseli ya ukingoni haikujua kwamba jirani yake halisi yuko upande wa pili. Siku hizi kabla ya filta ya aina hiyo napanga kipande mara tisa, tatu kwa tatu, kwa filta ya Tile. Inakuwa pikseli 5670 kila upande. Natia ukungu, halafu nakata kile cha katikati tu. Dakika mbili.

Kabla sijafunga faili, napunguza ukubwa hadi ua liwe kama punje, kisha nafinya macho. Hapa... kati ya majani, mnauona uchochoro wa krimu unaoshuka moja kwa moja? Kwenye kipande kimoja haukuwepo. Natia kichipukizi hapa. Bado upo. Nakigeuza kielekee kushoto, namwongezea na mwenzake chini kidogo. Haya, umeziba. Nahifadhi.