Vizibo vya masikio vya safari ya ndege: sikio vinasaidia, sainasi havigusi

Ni vile vya silikoni vyenye kichujio cha kauri ndani. Nimevitumia baada ya mtikisiko wa ubongo, nikiwa na masikio yanayoziba, maumivu ya sainasi (matundu ya hewa kwenye mifupa ya kuzunguka pua) na kipandauso kwa pamoja. Kwa masikio navipa alama za juu. Kwa sainasi havifanyi kitu, na mnunuzi alijue hilo kabla hajatoa hela.

Kichujio hakizuii mgandamizo wa hewa, kinauchelewesha tu, ili mrija unaounganisha sikio na koo upate muda wa kufunguka. Ndege ikipanda, hewa hutoka sikioni yenyewe. Ikishuka, mrija hunywea, ngoma ya sikio huvutwa ndani, na hapo ndipo panapouma. Hewa ya kabini angani huwa kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko mita 1,600 hivi, kwa hiyo kutua Nairobi sikio halina kazi kubwa. Kutua Dar es Salaam au Mombasa ndiko kunakotesa.

Peleka mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, kisha zungusha kizibo kama unakaza skrubu. Mngurumo wa injini ukififia ghafla, kimekaa. Vivae saa moja kabla ya kutua. Wengi hungoja tangazo la rubani, na wakati huo sikio limeshaziba. Safari fupi kama ya Nairobi hadi Dar, usivitoe njiani kabisa. Subiri mlango ufunguliwe.

Usibane pua ukapuliza kwa nguvu. Baada ya kuumia kichwa, kujikamua kunaongeza maumivu na kunaweza kudhuru sikio la ndani. Bana pua, meza mate, rudia kila baada ya dakika chache, na usilale ndege inaposhuka.

Sainasi inataka dawa ya kupulizia puani yenye oksimetazolini, nusu saa kabla ndege haijaanza kushuka. Usizidishe siku tatu mfululizo, pua itaziba kuliko mwanzo; mwenye presha amuulize daktari kwanza. Maumivu kama sindano juu ya jicho moja wakati wa kushuka kwa kawaida huisha ndani ya nusu saa. Kipandauso hudunda kwa saa nyingi, na kichefuchefu juu, na mwanga hauvumiliki. Hicho dawa yake imezwe mapema, dalili za kwanza tu, maana kikishakolea haifanyi kazi vizuri. Kaa karibu na bawa, ndege hutikisika kidogo zaidi hapo kuliko mkiani.

Aliyeambiwa ana damu au hewa ndani ya fuvu asipande ndege mpaka daktari amruhusu, vizibo havimsaidii.

Kabla ya kuvitumia tena, angalia tundu la kichujio. Nta ikiingia humo hewa haipiti, nunua vipya.