Siku nne kando ya Ziwa Kivu: tathmini ya ratiba ya baiskeli niliyoinunua Kigali

Kwa mtu anayetaka kuendesha baiskeli ya barabarani penye milima na ziwa kwa pamoja, bila kukanyaga vumbi, sijaona katika ukanda wetu mzunguko unaoupita ule wa kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Unatoka Kigali, unapanda hadi Musanze, unateremka Rubavu kwenye ukingo wa Ziwa Kivu, unalifuata ziwa kwenda kusini hadi Karongi, kisha unarudi Kigali kwa kupitia Muhanga. Ni karibu kilomita 400, na zote ni za lami. Mwishoni mwa Julai, mimi na mwenzangu tuliotoka naye Mwanza tulilipia ratiba ya mzunguko huo pamoja na kukodi baiskeli mbili, kwa kampuni ambayo sitaitaja jina. Tulipewa ramani ya kuweka kwenye simu, majina ya nyumba nne za wageni, na karatasi moja ya maelezo.

Nianze na walichokipatia, nacho ni uelekeo. Rwanda magari hupita kulia, kwa hiyo anayetoka Rubavu kwenda Karongi huwa na ziwa upande wake, ng'ambo tu ya ukingo wa barabara, na hakuna lori linalomkatiza asilione. Angezunguka kinyume chake, angelitazama kwa jicho la pembeni kupita njia ya pili huku akichunga kona. Kwetu tuliozoea kushoto, asubuhi ya kwanza ilikuwa ya kukumbushana kila baada ya mzunguko wa magari, lakini hadi Musanze tulikuwa tumezoea. Majira pia waliyachagua vizuri: Julai ni kiangazi, lami ni kavu, ila mtu asitarajie picha safi, maana ukungu wa vumbi na moshi ulituficha kilele cha Karisimbi kwa siku nzima, na pwani ya Kongo ilikuwa mstari hafifu tu.

Kasoro kubwa ya ratiba ni kwamba iliandika kilomita bila kuandika kupanda. Kigali pekee ingetosha kuwafundisha: mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika huko, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na mbio za wanaume za kilomita 267.5 zilikuwa na jumla ya kupanda karibu mita 5,475, yaani mita 20 kwa kila kilomita. Katika nchi ya namna hiyo, kumwambia mgeni kwamba kesho ana kilomita 100 ni kumwambia nusu ya habari. Siku yetu ya pili, Musanze hadi Rubavu, ilikuwa na kilomita 60 na sehemu kubwa ya mwisho ni mteremko; tulifika kabla ya adhuhuri, tukala sambaza, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga na kulala mchana. Siku ya tatu, Rubavu hadi Karongi, ilikuwa na kilomita kama 100, na kifaa changu kilihesabu zaidi ya mita 2,000 za kupanda. Ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na barabara haitulii kando yake: inaingia kila ghuba, inashuka kwenye daraja la kijito, inapanda rasi inayofuata, kisha inashuka tena. Mama mmoja muuza ndizi pale Rubavu, ambaye Kiswahili chake ni cha upande wa Goma, alikwisha kutuonya. Nilimuuliza, "Mama, huko mbele kuna tambarare?" Akacheka akamtazama jirani yake. "Tambarare iko ndani ya maji tu, mwanangu."

Baiskeli zilikuwa safi, breki za diski zilishika vizuri, na tairi za milimita 28 hazikupata pancha hata moja. Gia ndizo zilizotuumiza. Sproketi ndogo ya mbele ilikuwa na meno 39 na kubwa ya nyuma 25, mpangilio unaomfaa kijana wa mashindano, si watu wa ofisini wenye mifuko ya nguo nyuma ya siti. Anayekodi na adai meno 34 mbele na yasiyopungua 32 nyuma, na asikubali kuambiwa kwamba atazoea. Katika mlima wa Nyabihu tulipitwa na vijana wawili waliokuwa wakisukuma kwa miguu baiskeli moja ya chuma yenye magunia matatu ya viazi. Nusu saa baadaye mmoja wao alitupita tena kwenye mteremko, amekaa juu ya magunia, soli ya kandambili imekandamizwa kwenye tairi la nyuma ikiwa ndiyo breki, na harufu ya mpira uliochomeka ikabaki barabarani.

Karatasi ya maelezo ilisema tutafika Karongi saa kumi na mbili jioni. Ni kweli, lakini saa za Rwanda ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na saa kumi na mbili ya huko ni kiza kinaingia. Taa hatukupewa. Kilomita nane za mwisho tuliziteremka kwa tochi ya simu, mmoja nyuma ya mwingine, huku chini yetu mitumbwi ya wavuvi, iliyofungwa mitatu mitatu, ikitoka na taa zake kwenda kutega sambaza.

Siku ya nne ndiyo iliyovunja ratiba. Karongi hadi Kigali ni kilomita 130 hivi, na huanza kwa kupanda hadi mgongo wa milima unaogawa maji ya Kongo na ya Nile. Kuifanya kwa siku moja, baada ya siku ile ya tatu, ni kosa hata kwa mwenye gia nzuri. Ingegawanywa Muhanga, na mzunguko mzima ungekuwa wa siku tano. Zaidi ya hapo, siku hiyo ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo nchi nzima hufanya kazi za jamii kuanzia saa mbili hadi saa tano na safari za barabarani husimama. Kampuni iliyopo Kigali haiwezi kusema haikujua. Askari alitusimamisha kwa adabu, tukaegemeza baiskeli, na mzee mmoja akampa mwenzangu jembe. Tulizibua mfereji hadi saa tano kasorobo.

Muhanga tulifika saa kumi alasiri, tukapakia baiskeli kwenye basi. Kampuni ilipokea malalamiko yetu bila ubishi na kuturudishia nauli. Karatasi ya maelezo, niliyoiona juu ya meza yao ikisubiri wateja wengine, ilikuwa bado na kilomita peke yake.