Katamarani kuukuu: tufufue dizeli zake au tufunge petroli?

Jamani hii katamarani, boti ya mabodi mawili, tulonunua mimi na shemeji imelala mchangani Matondoni, Lamu, tangu kusi ianze, mabodi yote mawili yako sawa, nimegonga faiba kote kwa mpini wa bisibisi na ni sehemu moja tu karibu na shafti ya kuzungusha panga ndo ililia bubu. Shida ni mashini.

Kufufua dizeli zile mbili ni kazi chafu lakini ukianza na vitu vidogo haiumi sana, impela mpya ya pampu ya maji, nozeli za mafuta zikapimwe, kula (kile cha kupoza mashini) itolewe chumvi, zinki za kuzuia kutu zibadilishwe. Fundi kazungusha ya kushoto kwa mkono ikamkazia vizuri, ya kulia ikazunguka laini kama feni, yaani haibani hewa ndani, sasa hiyo ni ringi ama valvu na hapo ndo pesa inaenda. Na huwezi kuiacha, boti ya mabodi mawili ikienda na mashini moja yavuta upande kutwa nzima. Ila dizeli yala mafuta kidogo kuliko petroli kwa kazi ile ile, na sisi twalala baharini na nyavu.

Petroli za kuning'iniza nyuma: nyepesi, zainuliwa maji yakiwa madogo, wafunga upesi. Lakini uzibe matundu ya shafti, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, ukivuja wazama kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya bodi, cheche moja basi. Na hii ina ngama mbili!

Mimi niko na dizeli. Shemeji bado ataka petroli, apenda mbio yule.