Canva mikononi mwa mwenye chapa: tathmini kwa kipimo cha mitindo ya sasa ya usanifu

Canva, iliyozinduliwa nchini Australia mwaka 2013 na Melanie Perkins, Cliff Obrecht na Cameron Adams, ndiyo programu ambayo watu wengi wasiosomea usanifu wa grafiki huifungua kwanza wanapohitaji bango, kipeperushi au tangazo la mitandao ya kijamii. Kwa hiyo ndiyo pia mahali ambapo mtindo mpya wa usanifu hugeuka kuwa mali ya kila mtu, kwa kuwa ukishapata violezo vyake humo, yaani miundo iliyokwisha kupangwa ya kujazia maandishi na picha, huenea kwa kasi ambayo mbunifu aliyeuanzisha hawezi kuizuia. Wepesi wa kuitumia programu hii umeshasifiwa vya kutosha, na sifa hiyo ni ya haki. Tathmini hii inaangalia jambo jingine: je, Canva humsaidia mwenye chapa atambulike, au humvalisha sare ya wote?

Nianze na violezo, ambavyo vimetengenezwa vizuri kuliko wabunifu wengi wanavyopenda kukiri. Nafasi kati ya maandishi na ukingo huwa imepimwa, herufi za kichwa na za maelezo hutofautiana kwa ukubwa inavyopasa, na mitindo inayotamba haichelewi kuwakilishwa: miraba ya ukubwa mbalimbali iliyopangwa kwa kubanana, rangi zinazoyeyukiana, herufi nono za miaka ya 1970, na chembechembe zinazoiga karatasi iliyochapwa kwa mashine ya zamani. Kasoro iko kwingine. Uzuri huo hauna mwenyewe, kwani kiolezo kilekile kinaweza kutumiwa siku hiyohiyo na mwokaji wa mikate na kampuni ya bima, na mtazamaji akakumbuka rangi bila kukumbuka ilikuwa ya nani.

Mtego huo hauwanasi wenye bajeti ndogo peke yao. Kampuni kubwa za mavazi ya kifahari, Balenciaga mwaka 2017, kisha Burberry na Balmain mwaka 2018, zilizikumbatia nembo za herufi kubwa, nene na zisizo na madoido, hata zikiwekwa pamoja zilionekana kana kwamba zimetoka katika karakana moja. Burberry walirudi nyuma mwaka 2023, wakachukua herufi nyembamba zenye haiba yake na kumrudisha mpanda farasi wao wa tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Burger King walikuwa wameshatangulia mwaka 2021 kwa nembo iliyojengwa juu ya ile waliyoitumia kabla ya 1999, na mwaka huohuo wa 2023 Pepsi walilirudisha jina lao katikati ya duara, lilikokuwa zamani. Huu ndio mtindo wa miaka ya karibuni ninaouona kuwa na maana kubwa zaidi kwa chapa, yaani kuchimba katika kumbukumbu zake yenyewe, na ndio hasa ambao Canva haiwezi kuutoa. Kiolezo cha kizamani hutoa kumbukumbu ya kuazima. Kampuni iliyofunguliwa mwaka jana ikijivika herufi za 1974 haitangazi historia yake, kwa sababu haina. Inatangaza tu kwamba imeona wengine wakifanya hivyo.

Lipo pia suala la sheria, na hapa ningemwomba kila anayetaka kujitengenezea nembo asome masharti kabla ya kuchapisha chochote. Picha, michoro na violezo vilivyomo katika maktaba ya Canva hutolewa kwa leseni isiyo ya kipekee, maana yake ni kwamba kila mtumiaji mwingine ana haki ileile ya kuvitumia, na masharti ya kampuni yenyewe yanakataza nembo iliyojengwa kwa vitu hivyo kusajiliwa kama alama ya biashara. Maumbo ya msingi, mistari na fonti hayafungwi na kizuizi hicho. Kwa maneno mengine, ukichora nembo yako kwa duara, mstari na herufi ulizozipanga mwenyewe, uko salama zaidi kuliko yule aliyechagua simba mzuri aliyekwisha kuchorwa. Ni ajabu kidogo kwamba huduma inayojinadi kwa violezo vya nembo humlinda zaidi yule asiyevitumia.

Kinachostahili kulipiwa ni seti ya chapa. Katika toleo la kulipia unaweza kuhifadhi nembo, rangi kwa namba zake kamili na fonti ulizozipakia mwenyewe, kisha kila mfanyakazi mwenzako akavitumia bila kukisia. Wasiowahi kusimamia chapa hulichukulia hili kuwa jambo la makarani, lakini ndipo fedha nyingi hupotea. Tropicana walipobadilisha paketi zao za juisi mwanzoni mwa 2009, wakaliondoa chungwa lililochomekwa mrija na kuandika jina kwa herufi za kawaida zilizosimama wima, mauzo yao yalishuka kwa takriban asilimia 20 ndani ya miezi miwili, na paketi ya zamani ikarudishwa rafuni. Juisi haikuwa imebadilika. Wanunuzi hawakuiona tena mahali walipozoea kuiona. Chapa ndogo haihitaji kosa kubwa kiasi hicho ili ipotee machoni pa wateja, kwa maana hupungua kidogo kidogo kila mara tangazo linapotoka na buluu iliyokaribia ile sahihi na fonti iliyokuwa jirani tu. Seti ya chapa huziba uvujaji huo vizuri, na kile kitufe cha kubadilisha vipimo, kinachogeuza tangazo moja kuwa la mraba, la wima na la mlalo, huokoa muda halisi, ingawa matokeo yake hayafai kutumwa bila kukaguliwa, kwani maandishi marefu mara nyingi huhitaji kupangwa upya.

Kuhusu miondoko, sina mengi ya kusema. Nembo zinazotembea zimekuwa jambo la kawaida kwa kuwa chapa sasa hukutana na watu kwenye video kuliko kwenye karatasi, lakini miondoko iliyokwisha kuandaliwa ndani ya Canva, ya kuchomoza, kufifia na kurukaruka, inatambulika mara moja na yeyote anayekaa mtandaoni. Itumie kwa tangazo la siku moja, isiwe mwendo rasmi wa nembo yako.

Zana za akili mnemba, ambazo kampuni ilizikusanya chini ya jina Magic Studio mwaka 2023, zinahitaji kutenganishwa makundi mawili. Zile zinazotumikia picha yako, kama kuondoa mandharinyuma au kufuta kitu kilichoingia pembeni, ni nzuri na hazina utata. Zile zinazozalisha picha kutokana na maelezo ni jambo jingine. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani haisajili kazi iliyotolewa na mashine bila ubunifu wa binadamu, na mahakama ya rufaa ya huko iliuunga mkono msimamo huo Machi 2025. Chapa inayojenga sura yake juu ya picha za aina hiyo inajenga juu ya kitu ambacho huenda isiweze kumzuia mshindani kukinakili. Isitoshe, wingi wa picha laini za mashine umezaa mtindo wa kuzikataa: michoro ya mkono, mistari isiyonyooka, karatasi zilizochanika. Canva imeshauwekea violezo mtindo huo nao, na hapo ndipo unapopoteza maana yake yote, kwa sababu thamani ya mkono ni kwamba ni wa mtu fulani.

Jambo dogo ninalolisifu bila masharti ni kikaguzi cha usomekaji, ambacho huonyesha pale maandishi yanapokosa utofauti wa kutosha na rangi iliyo nyuma yake. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya kurasa za mtandao zisomeke na watu wote, unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa, na mitindo ya sasa ya rangi hafifu juu ya rangi hafifu, pamoja na ile ya vioo angavu iliyopata nguvu baada ya Apple kutangaza Liquid Glass, mwonekano wa skrini unaoiga kioo, mwaka 2025, huukiuka uwiano huo kwa urahisi mno. Mteja asiyeweza kusoma bei yako hatajali kama ulikuwa unaendana na wakati.

Je, ilipiwe? Kwa kampuni ambayo imeshaamua nembo, rangi na fonti zake, na yenye watu kadhaa wanaotoa matangazo kila wiki, jibu langu ni ndiyo. Kwa anayetarajia programu imbunie sura ya chapa kuanzia mwanzo, hapana. Fedha hizo ni afadhali zimwendee mbunifu, hata kama ni kwa kazi ya mara moja, au zitunzwe, naye ajifunze mwenyewe Affinity, programu ya usanifu ambayo Canva iliinunua mwaka 2024 na kuitoa bure kuanzia Oktoba 2025. Humo nembo huchorwa kwa vekta tangu mwanzo, yaani kwa mistari inayokuzwa bila kupoteza ubora, ikabaki kali iwe kwenye kitufe cha simu au kwenye ubavu wa lori, na kisha ikapakiwa katika seti ya chapa. Wanaochapisha karatasi wakumbuke pia kwamba kuhamisha faili kwa rangi za CMYK, yaani za wino nne za uchapishaji, kutoka Canva kunahitaji toleo la kulipia, na kwamba kijani kinachong'aa kwenye skrini kitatoka kimefifia kidogo, kwa hiyo waombe sampuli kwa mchapishaji kabla ya kuagiza mzigo mzima.