Megadeth na ngoma zao za muvi: uzoefu wangu na Hidden Treasures

Wadau wa magitaa mazito, kila mtu akiuliza aanzie wapi na Megadeth, bendi ya metali ya Marekani, anatajiwa albamu yao ya Rust in Peace ya 1990. Sawa, ile albamu ni moto na sibishani na mtu, ila kwa ambaye hajazoea thrash, yaani metali ya kasi na makali, ile spidi yake, na zile solo za gitaa za wimbo wa Hangar 18 zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kuvuta pumzi, zinamchosha mapema anazima. Mi nawapa watu Hidden Treasures, mkusanyiko wao mfupi, na wengi wananirudia wakitaka zaidi.

Hii ilitoka 1995, ina ngoma 8 tu, na nyingi zilikuwa zimetawanyika kwenye saundtraki za muvi za Marekani, maana miaka ile watu wa muvi walikuwa wanaitafuta sana hii bendi, na ukitaka wimbo mmoja ilibidi ununue saundtraki nzima yenye bendi zingine usizozitaka.

Anza na Angry Again. Hiyo ni ya Last Action Hero, muvi ya Arnold Schwarzenegger ya 1993, muvi yenyewe haikufanya vizuri sinema lakini huu wimbo aisee! Rifu lake, ule mpigo wa gitaa unaojirudia, haliharakishi, linakaa palepale linakusukuma kifua, Nick Menza anapiga drami kwa adabu kabisa na Dave Mustaine, kiongozi wa bendi, anaimba kama anaongea kwa meno yaliyokazwa, halafu kiitikio kinafika unajikuta unaimba na hata maneno hujayashika vizuri. Iliteuliwa Grammy na ilistahili. Nadhani kufanyia kazi muvi kuliwasaidia, sababu unatakiwa uweke hali moja ndani ya dakika chache uishie hapo, hakuna nafasi ya kuonyesha ufundi wote kwa mpigo, na Mustaine akibanwa hivyo anaandika vizuri sana.

Go to Hell nayo ni ya 1991, ya Bill & Ted's Bogus Journey, ile ya vijana wawili wanaouawa wanaishia kuzimu kweli, kwahiyo wimbo umekaa mahali pake. Ndani yake kuna ile sala ya watoto ya kabla ya kulala, na mwaka huohuo Metallica nao wakaitumia sala hiyohiyo kwenye Enter Sandman, na ukikumbuka Mustaine alikuwa mpiga gitaa wa bendi hiyo ya Metallica akafukuzwa 1983 unaelewa kwanini mashabiki hawaachi kuzilinganisha. Kwangu Go to Hell ina uchungu zaidi, anayeimba anasikika amekata tamaa kweli.

99 Ways to Die ilitoka kwenye albamu ya Beavis and Butt-head, ile katuni ya TV, 1993, gitaa la Marty Friedman, mpiga gitaa mwenzake Mustaine, humo ni tamu mno, sikiliza na hedifoni. Breakpoint ni ya muvi ya Super Mario Bros, ngumi ya harakaharaka basi. No More Mr. Nice Guy ni ya Alice Cooper, wao waliirudia kwa ajili ya Shocker ya Wes Craven 1989, kipindi hicho walibaki watatu tu bado hawajampata Friedman, na unaisikia kabisa kwamba gitaa la pili linakosekana. Diadems ya muvi ya Demon Knight watu wanaisahau sana na inaniuma, ina kiza chake hivi, mi naiweka juu ya nyimbo kadhaa za albamu yao ya Youthanasia.

Ambayo sijaielewa mpaka leo ni Problems ya bendi ya Sex Pistols waliyoirudia, haina kitu kipya. Paranoid ya Black Sabbath wameipiga vizuri, na mwishoni Menza anaendelea kupiga drami peke yake wenzie wameshamaliza mpaka Mustaine anamkemea kwa jina, hiyo sehemu naipenda kila nikisikia!

Kuna na Crush 'Em ya 1999, ya Universal Soldier: The Return, yenyewe haimo humu, imo kwenye albamu yao ya Risk. Hiyo hapana. Wameilainisha mpaka makali yamekwisha, unahisi imeandikwa ipigwe uwanjani watu wakisubiri mechi.

Ukishamaliza hii nenda Countdown to Extinction ya 1992, ndo mdundo uleule wa Angry Again umeenea albamu nzima, kisha Peace Sells ya 1986, halafu ndo urudi Rust in Peace masikio yameshakomaa. Na hapo kuwa makini, ile iliyotoka upya 2004 imechanganywa upya na baadhi ya sauti Mustaine alizirekodi tena, zinasikika kabisa ni za mtu wa umri mwingine. Tafuta ile mikisi ya 1990.